Jina la Mwenye Migomba

Kiti changu kilikuwa kigoda cha miguu mitatu. Mahali pake palikuwa kushoto kwa meza ya sekretere aliyeandikisha watu, chini ya shitingi ya turubai ambayo mvua ikinyesha ilijaa maji tumboni mpaka mtu aisukume kwa fimbo. Hapo nilikaa msimu mzima wa mvua, kambini Kashuga, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kusema huyu namjua, huyu simjui. Sikuomba kazi hiyo. Nilipewa kwa sababu nakumbuka majina.

Ni kweli nayakumbuka. Nilisoma miaka mitatu tu, nikatolewa shuleni kulea wadogo zangu, na vitu ambavyo wenzangu waliviweka kwenye daftari mimi niliviweka kichwani kwa kukosa pengine. Nikifumba macho naweza kupanda kilima chetu kuanzia mtoni, nyumba hadi nyumba, nikitaja baba, mama na watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa, hata wale waliokufa kabla ya kuota meno. Kilima chenyewe siku hizi hakina nyumba. Humu ninamoandika sitamtaja mtu. Niliwataja wa kutosha pale mezani, na mdomo nao huchoka.

Ofisi ya shefu wetu, chifu wa eneo, iliungua pamoja na kabati lake, karatasi zetu zote zikiwa ndani. Sisi wenyewe tulikuwa tumehama mara nyingi hivi kwamba wajukuu wangu walidhani nyumba ni kitu cha kukunjwa na kubebwa. Kisha watu wakaanza kurudi kutoka ng'ambo ya mpaka, kutoka makambi ya Uganda na kwingineko, wengine baada ya miaka ishirini na zaidi. Kuna waliokuwa wa kwetu kabisa. Kuna ambao hakuna aliyewajua. Wote walisema maneno yale yale: mimi ni wa hapa, karatasi sina.

Ndipo akatumwa sekretere kutoka Goma, kijana mwenye sauti ya upole na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Alikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya watu wa hapa; ukiingia humo unapewa jetoni ya plastiki yenye namba. Ya pili ni ya wageni wasio na karatasi. Walioandikwa humo lori lilikuwa linakuja kuwachukua Ijumaa moja na kuwarudisha mpakani.

Siku za kwanza alileta mashine ndogo ya kusoma vidole. Ilisoma vidole vya watoto na vya walimu. Vyetu ilivikataa. Alinishika mkono akanipangusa kidole kwa kitambaa, akakibandika tena na tena.

"Koko, vidole vyako haviko na kitu," akasema, akiniita bibi kama wote.

"Viko na jembe," nikamjibu. "Jembe njo lilikula kila kitu."

Akaifunga mashine kwenye mfuko. Baada ya hapo tulibaki na vinywa na kitabu. Kitabu kilikuwa cha shefu, kile cha zamani, kilichookoka kwa sababu mama mmoja alikizika ndani ya bidoni, dumu la maji lililokatwa. Panya walikula pembe moja, lakini majina ya wazee wenye nyumba yalibaki, kila mzee na kilima chake. Sekretere alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa rafiki: hamsomei mtu majina. Mtu ndiye anayesema jina la babu yake mwenye nyumba, yeye analitafuta. Akishindwa, shahidi alitamke kwa mdomo wake, na wazee wawili wa komite walisikie. Alikuwa na haki. Kuna watu walikuwa wanapita kwenye mahema wakitafuta jina la mzee aliyekufa, kama mtu anayeazima sufuria.

Jumatatu ya juma lile la lori, pikipiki kutoka Kitshanga ilishusha mwanamke wa miaka kama thelathini, na mfuko mmoja, na viatu vilivyoshonwa kwa uzi wa nailoni. Alisimama kwenye msururu tangu asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa na maneno ya huko alikokulia, na msururu uliyasikia upesi. Zamu yake ilipofika kila mtu alikuwa ameshanyamaza ili asikilize.

Alitaja kilima chetu. Alitaja baba yake, jina la ubatizo ambalo wanaume wa Masisi wanalo kila kona. Baba huyo alikufa yeye bado yuko mgongoni, mama akakimbia naye.

"Sawa," sekretere akasema. "Babu yako sasa, baba ya baba yako, jina yake?"

"Mwenye Migomba."

Watu wakacheka. Sekretere akainua kichwa.

"Hiyo njo jina ao njo kazi?"

"Mama alikuwa anamuita vile."

"Na mimi uniandike basi," mwanaume mmoja akasema kutoka nyuma. "Mwenye Mbuzi."

"Mbuzi gani, Papa? Si walishakula yote, ukabakia na kamba?"

Wakacheka tena. Sekretere hakucheka. Alifungua kitabu, akashusha kidole ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, akakifunga.

"Mama, Mwenye Migomba haiko humu. Mutu mwenye hajui jina ya babu yake, nimuandike wapi?"

Mimi pale kwenye kigoda nilimgeukia mwanamke yule. Duniani tulikuwa wanawake wawili tu tuliomwita mzee yule Mwenye Migomba. Mmoja alikuwa mke wa mtoto wake wa mwisho. Mwingine, mke wa mtoto wake wa kwanza, ni mimi.

Sekretere akanigeukia kama alivyozoea. "Koko, unamujua huyu?"

Nikasema namjua. Nilimjua kwa paji la uso, lile paji pana la nyumba ya mume wangu, na kwa hilo neno.

"Ni wa nyumba gani?"

"Ni wa nyumba yetu. Ni mutoto wa shemeji yangu."

"Bon. Mwenye nyumba ni nani?"

Nikafungua kinywa. "Ni Mwenye Migomba," nikasema.

Sasa hata wazee wa komite walicheka. Sekretere akaweka kalamu chini.

"Koko, weye ulinitajia watu ya hii kilima mupaka batoto ya kunyonya. Leo baba mukwe wako njo unasahau?"

"Sijasahau."

"Sasa?"

"Siwezi kumusema."

Mama mmoja wa makamo kwenye msururu alisema polepole, "Ni mukwe," na wanawake waliokuwa karibu naye wakaacha kucheka.

Sekretere alizaliwa mjini, kwa hiyo namweleza yeye na msomaji aliye kama yeye. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mume wake. Halitamki mbele yake, wala nyuma yake, wala akishakufa. Mtoto wa jirani akipewa jina lile lile, unamtafutia jingine la kumwita. Mimi ni wa msitu, wa Walikale, nilipanda huku Masisi nikiwa na miaka kumi na saba, na kosa hilo nililifanya mwezi wa pili. Kitoto cha jirani kilikuwa kinakaribia moto, nikakiita kwa jina lake, na jina lake lilikuwa la mzee. Mama mkwe alikuwa anapepeta maharagwe. Aliweka ungo chini. Kesho yake nilirudishwa kwetu, mwendo wa siku tatu kwa miguu, nikalete kuku na kibuyu cha pombe ya ndizi, niombe msamaha.

Nilirudi na kuku. Mzee alimpokea mwenyewe, akamtazama, akasema kuku aliyetembea kutoka Walikale hawezi kuchinjwa, atakufa kwa uchovu wake. Akamfungulia katikati ya migomba yake. Kuku yule alitaga, akaangua, na miaka mingi baadaye kuku wote wa nyumba ile walikuwa wajukuu wake. Mzee hakunigombeza hata siku moja. Vita vya kwanza vya huku vilipofika alikuwa ameshakuwa mzee wa kubebwa, akakataa kubebwa. Tangu siku ile ya kitoto na moto jina lake halikunitoka kinywani. Kutolitaja kulikuwa kitu cha mwisho nilichokuwa bado namfanyia.

"Nitamuandika ku wageni kwa sasa," sekretere akasema. "Lori iko Ijumaa. Mukipata shahidi mbele ya hapo, mulete, nitafuta hiyo mustari."

Nilimchukua kwangu. Nilimpa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala kama mtu asiyetaka kuonekana ana njaa. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule Mama mukubwa aliyerudishwa kwao kwa ajili ya kuku.

"Nani alikuambia?"

"Mama. Kila tukikula kuku, na si mara mingi."

Mama yake alikufa kule, kambini, miaka miwili iliyopita. Alikuwa ananiletea kuni nilipojifungua, yule.

"Sasa Mama alinificha jina ya babu yangu?"

"Hakukuficha. Alimuheshimu tu. Na baba yako, mwenye angekuambia, alikufa."

"Basi weye uniambie. Nitaenda kulisema mwenyewe."

"Sisemi."

"Hata ku sikio?"

"Hata ku sikio. Na sekretere atajua nilikuambia, si atakuona kama wale wa kuazima majina?"

Akatikisa kichwa. "Nilitoka mbali sana kwa kukuta mutu ananijua na hawezi kunisemea."

Wajukuu wangu hawakuwahi kulisikia jina lile, na majirani waliomjua mzee kwa jina hawakubaki. Nilikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki ambaye angeweza kulisema, kwa sababu ni damu, na jina la babu kwa mjukuu halina mwiko. Mtoto huyo anachimba dhahabu Omate, kule Walikale. Jumanne asubuhi nilikwenda kwa vijana wa pikipiki, nikamwambia mmoja maneno ayapeleke kwa simu ya sauti kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwenye duka karibu na machimbo: mwambieni mama yake anamhitaji Kashuga kabla ya Ijumaa, asijali kuja mikono mitupu, aje tu na mdomo.

Jibu lilikuja Jumatano jioni. Mashimo ya Omate yalikuwa yamejaa maji, wachimbaji wakahama kuingia ndani zaidi ya msitu. Mwenye duka hakujua ni upande gani. Alisema mtoto wangu ni mzima, alimwona kabla ya mvua. Hilo nilishukuru, nikalia nalo kidogo.

Jumatano hiyo hiyo mchana nilikaa kwenye kigoda, nikasema namjua, simjui, namjua. Wakati wa mapumziko mzee mmoja wa komite alinisogelea. Sikio lake la kulia lilikufa kwa bomu, kwa hiyo husema kwa sauti kubwa hata akitaka siri.

"Mama, mukwe wako alishakufa. Nani atakuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa njo hivyo. Hakuna wa kuniuliza. Kama angekuwako, angenisamehe na yangeisha."

Akaondoka akikuna kichwa. Alhamisi niliamka nikamkuta yule binti nje ya hema anafua. Alikuwa na magauni mawili. Alifua moja akalianika, akasubiri likauke ili afue la pili. Nilimuuliza mbona anafua katika mvua hii.

"Sitaki kufika mupakani muchafu," akasema. "Wale ya kule watanipokea muchafu, watasema nilifukuzwa kama mbwa. Nikiwa safi nitasema nilirudi tu."

Akaendelea kusugua. Alikuwa anasugua kwa vifundo vya vidole, si kwa kiganja. Babu yake alisugua hivyo hivyo mikono yake kila jioni akitoka shambani, kwa vifundo, kwa majivu. Nilirudi ndani nikajilaza, na siku ile sikupika.

Ijumaa lori lilikuwa limesimama barabarani tangu alfajiri, shitingi ya bluu juu, dereva amelala. Nilikwenda mezani mapema. Niliwaambia wake wa wanangu wasije, lakini mmoja alikuja hata hivyo, akasimama mbali. Nilimwona na nikajifanya sikumwona.

Sikukaa. Nilisimama kando ya kigoda nikaangalia upande wa kilima chetu, ambacho kutoka Kashuga hakionekani.

"Nakuja kusema jina," nikasema.

Sekretere akafungua kitabu. Wazee wawili wakasogea. Nikalisema.

Halikutoka vizuri. Lilitoka kama kitu kilichokwama kwenye meno.

"Rudia, Koko," sekretere akasema taratibu.

Nikalirudia.

"Mi sijasikia," yule mzee wa sikio akasema. "Aseme upande huu."

Basi nikaenda upande wake wa kushoto, nikalisema mara ya tatu, kwa sauti, kama mtu anayeita mtoto asiingie motoni. Yule mama wa makamo kwenye msururu aliziba masikio yake na mimi nilimwona. Mke wa mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Sekretere alishusha kidole. Ukurasa ulikuwa ule wenye pembe iliyoliwa na panya. Jina lilibaki zima, ila jina la kilima lilikuwa nusu. Akalitazama muda mrefu.

"Iko," akasema.

Akaandika. Akafuta mstari kwenye orodha ya pili. Nilibandika kidole kwenye wino, kidole kisichosomeka, na wazee wakabandika vyao. Binti akapewa jetoni. Aliishika kwa mikono miwili.

Ningependa kuishia hapo. Lakini walipoanza kupakia lori nilimwona mwanamke mmoja kijana na mtoto mgongoni, anapandisha beseni. Nilimkumbuka. Kabla ya juma lile alikuwa amesimama mbele ya meza, na alipoulizwa babu yake alisema, "Yule wa Ng'ombe Mweupe." Msururu ulicheka. Mimi nilicheka pia, kidogo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kigoda kilikuwa kinaniuma. Kisha nikasema simjui. Nilikuwa nimesahau kumuuliza ni nani aliyemlea.

Nilikimbia, kama mtu wa umri wangu anavyokimbia, kwa sekretere.

"Yule mwenye beseni," nikasema. "Muulize kama alilelewa na mama peke yake. Lile jina ni la mukwe. Ni kama letu."

"Koko, uliniambia humujui."

"Simujui bado. Lakini jina alilitoa ni la mukwe."

Alikaa na kalamu mkononi. Akainuka akaenda mpaka kwa lori, akasema na mtu wa karatasi za lori, nikaona mikono ya yule mtu inakataa. Orodha ya Ijumaa ilikuwa imeshatiwa muhuri. Sekretere alirudi na uso wa kichwa kinachouma.

"Nimeandika jina yake pembeni," akasema. "Akirudi, nitamuuliza."

Lori likaondoka. Shitingi ya bluu ilijaa upepo. Sijui kama mwanamke yule alirudi. Sijamwona. Uso wake na wa mtoto ninao, majina yao sikupewa, na hao ndio wa kwanza kichwani mwangu wasio na jina.

Tangu Jumatatu iliyofuata, kabla hatujafungua kitabu, nilikuwa namuuliza kila mtu swali langu: nani alikulea, na alimwitaje mzee wa nyumba. Kazi ikawa ndefu mara mbili. Msururu ulilalamika. "Koko anatafuta wakwe," walisema. Walipatikana Mwenye Kofia, na Baba ya Mto, na mmoja aliyeitwa Yule Asiyelala, na kila mmoja tulimtafutia mtu wa damu wa kumsema, na wengine tuliwapata na wengine hatukuwapata.

Kuku wa msamaha sikumtoa. Hakuna aliyebaki wa kumpokea, na kwetu Walikale ambako ningemtoa hakuna aliyebaki wa kunipa. Nilimwambia mke wa mwanangu, yule aliyenisikia, kwamba jambo nililofanya asilichukue kuwa ruhusa. Akasema, "Ndiyo Mama," bila kuniangalia.

Binti anakaa nami bado. Analima pembeni ya kambi kipande cha ardhi tulichoazimwa, na akirudi anapika. Jina la babu yake amelipenda. Ni lake, anaruhusiwa, hajawahi kuwa nalo. Analisema akichochea moto, analisema akihesabu mistari ya maharagwe, juzi alimpa mtoto wa jirani aliyezaliwa bila jina, na wazazi wakakubali. Kila akilisema mimi nainuka, natoka nje ya hema, nasimama hapo mpaka anyamaze. Magoti hayapendi. Naye ananiita kutoka ndani, "Mama mukubwa, rudi, nimemaliza," na mimi narudi, na bado sijakaa vizuri ananisahau, analisema tena.